Wasomaji Wanauliza: Ni Nini Kinachovutia katika Vibao Bora vya The Pogues?

SWALI: Ndugu Mhariri wa safu ya muziki, kaka yangu mkubwa aliishi London kwa miaka mingi akifanya kyeyo, yaani vibarua vya ugenini, na mwaka huu amerejea nyumbani. Miongoni mwa vitu alivyokuja navyo ni sidii ya bendi moja iitwayo The Pogues, ambayo juu yake pameandikwa The Best of The Pogues. Huicheza karibu kila jioni. Mimi ni mpenzi wa kadongo kamu, zile nyimbo za Kiganda za kusimulia hadithi kwa gitaa, na wa nyimbo za zamani za bendi ya Afrigo, na ninapoisikiliza sidii hiyo nasikia filimbi inayokimbia, ngoma inayopigwa kwa pupa, na mwanamume mwenye sauti ya kukwaruza kama mtu aliyekesha. Hata hivyo, kaka yangu, ambaye si mtu wa machozi, huinuka na kufunga mlango wa chumba chake ukifika wimbo fulani. Naomba unieleze ni nini kinachowavuta watu katika albamu hii, na kama mtu asiye na asili ya Ayalandi anaweza kuifaidi. — Msomaji wa Walukuba, Jinja

JIBU: Ndugu yangu wa Walukuba, kaka yako anasikiliza nyimbo za watu waliokuwa mbali na kwao, ambazo nyingi kati yake zilitungwa na mtoto wa watu hao aliyezaliwa ugenini. Nadhani mvuto wa albamu hii unaanzia hapo, na mambo mengine yote, yaani kasi, kelele na sauti ile ya kukwaruza, yanafuata baadaye.

Bendi hii ilianzishwa mwaka 1982 katika mtaa wa King's Cross jijini London, wala haikuanzia Dublin kama wengi wanavyodhani. Mwimbaji na mtunzi wake mkuu, Shane MacGowan, alizaliwa Kent, Uingereza, siku ya Krismasi ya mwaka 1957, wazazi wake wakiwa Waayalandi, na sehemu ya utoto wake aliipitisha kwa ndugu wa mama yake huko Tipperary, Ayalandi, ambako kuimba nyumbani lilikuwa jambo la kawaida kama kula. Alipokuwa kijana mjini London alitumbukia katika muziki wa panki, ule uliolipuka mwaka 1976 na 1977 kwa nyimbo fupi, za kasi na za hasira, zilizopigwa na vijana ambao hawakungoja mtu awape cheti cha ustadi. Katika kundi la mwanzo, Spider Stacy wa filimbi ya bati, Jem Finer wa banjo, James Fearnley wa kodiani na Andrew Ranken wa ngoma walikuwa Waingereza. Kwa hiyo nusu ya swali lako, ile ya kama mtu asiye Mwayalandi anaweza kuzifaidi nyimbo hizi, ilikwisha kujibiwa na wapigaji wenyewe tangu siku ya kwanza.

Walichokifanya ni kuchukua vyombo vya wazee na kuvipiga kwa moyo wa vijana wa panki. Ranken alikuwa akipiga ngoma chache tu, tena amesimama, na Stacy alijulikana kwa kujigonga sinia la bati kichwani ili kuongeza mdundo. Ukisikiliza kwa makini utagundua kwamba nyimbo zao kadhaa husonga kwa mafungu ya tatu tatu, kama zinavyosonga ngoma za kale za Ayalandi za kuchezea, na sikio lililokulia Busoga au Buganda halipaswi kuona ugeni wowote hapo, kwa sababu baakisimba, ngoma yetu ya Kiganda, nayo husonga hivyo hivyo. Jaribu kuugonga mdundo huo mezani kwa vidole huku sidii ikicheza, na nina hakika mguu wako utafuata kabla hujaamua kama wimbo unaupenda.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mimi naliona kuwa kiini cha bendi hii, na ambalo albamu ya vibao bora hulionyesha waziwazi kuliko albamu zao nyingine. Katika nyimbo za The Pogues, majonzi na shangwe hukaa katika wimbo mmoja, mara nyingi katika ubeti mmoja, na kasi ya muziki haikusudiwi kuyafukuza majonzi bali kuyabeba. Wimbo wa mwisho katika sidii ya kaka yako, The Body of an American, unahusu maiti ya mtu aliyekwenda Marekani na kurudishwa kwao kuzikwa. Unaanza taratibu, kisha bendi nzima inaingia kwa vishindo, watu wanakunywa na kuimba kwenye matanga, na msikilizaji asiyejua maneno angeweza kuapa kwamba ni wimbo wa harusi. Sisi tunaofahamu okwabya olumbe, jinsi ukoo unavyokusanyika kumaliza msiba kwa ngoma, chakula na pombe huku mrithi akitambulishwa, hatuhitaji mtu atufafanulie namna kilio na ngoma vinavyoweza kukaa katika ua mmoja. MacGowan alipofariki tarehe 30 Novemba 2023, ibada ya mazishi yake ilifanyika Nenagh, huko huko Tipperary, tarehe 8 Desemba, na wimbo wake mashuhuri ulipoimbwa kanisani, jamaa zake waliinuka wakacheza mbele ya jeneza. Wapo waliosema kwamba jambo lile halikustahili kanisani. Mimi naona walimzika kama alivyotunga.

Wimbo huo ulioimbwa ndio unaoifungua sidii, nao ni Fairytale of New York, uliotolewa Novemba 1987, ambao MacGowan aliuimba pamoja na Kirsty MacColl. Unasimulia habari za mume na mke waliohamia Marekani kwa matumaini makubwa, na sasa mume yuko mahabusu usiku wa kuamkia Krismasi kwa sababu ya ulevi, akikumbuka. Wanatukanana, kwa maneno makali ambayo yameleta ubishi kila mara redioni, kisha chini ya matusi unausikia upendo ambao haujafa. Ulishika nafasi ya kwanza Ayalandi na ya pili Uingereza, na tangu mwaka 2005 umekuwa ukirudi katika chati za Uingereza kila Desemba. Hapa kwetu Desemba ni ya Philly Bongoley Lutaaya. Hakuna duka wala teksi ya Kampala isiyocheza nyimbo zake za Krismasi, na wengi wanaozifurahia wamekwisha kusahau kwamba mwimbaji yule aliishi ugenini, Uswidi, na kwamba alifariki Desemba 1989, mwaka ule ule aliojitokeza hadharani kusema kwamba ana UKIMWI. Krismasi ya mtu aliye mbali na nyumbani ina uchungu wake, na wasikilizaji huusikia hata wasipojua historia ya mwimbaji. Kirsty MacColl naye alifariki Desemba, mwaka 2000, alipogongwa na boti ya kasi akipiga mbizi Mexico.

Hukusema ni wimbo gani humfanya kaka yako afunge mlango. Nikiruhusiwa kukisia, nitasema ni Thousands Are Sailing, ambao haukutungwa na MacGowan bali na mpiga gitaa Philip Chevron, mzaliwa wa Dublin, aliyefariki mwaka 2013. Wimbo huo unawazungumzia Waayalandi waliovuka bahari kwenda Marekani, tangu wale waliokimbia njaa kuu iliyoanza mwaka 1845, wakati ugonjwa ulipoharibu viazi na watu wapatao milioni moja wakafa na wengine zaidi ya milioni moja wakahama, hadi vijana wa miaka ya 1980 waliosafiri kwa ndege na kufanya kazi kwa kujificha kwa sababu hawakuwa na karatasi. Chevron hakuwaonea huruma tu. Aliwaonyesha wakiwa na fahari, hofu na aibu kwa pamoja, wakicheza muziki mjini New York huku wakijua kwamba nchi waliyoiacha haikuwa na nafasi yao. Mtu aliyewahi kusimama uwanja wa ndege wa Entebbe na mkoba mmoja, akielekea Dubai, Riyadh au London, na akawaahidi watu wake kwamba atatuma pesa mwezi wa kwanza tu, anaujua wimbo huu kabla haujaanza. Mpe kaka yako nafasi ya kukusimulia. Huenda sidii ile ndiyo njia yake ya kuyasema mambo ambayo hajapata mahali pa kuyasema.

Na kwa kuwa wewe ni mtu wa kadongo kamu, una faida kubwa kuliko unavyodhani. Umezoea kungoja hadithi. Unajua kwamba gitaa la Paul Kafeero, mwimbaji wa kadongo kamu, lilikuwa pale kumpa msimulizi nafasi ya kusema, na kwamba uzuri wa wimbo uko katika namna anavyokupeleka kwa jirani, barabarani, kaburini, kisha akakurudisha. Msikilize MacGowan hivyo hivyo. Mwombe kaka yako akueleze hadithi ya kila wimbo kabla ya kuucheza, kisha usikilize ile sauti ya kukwaruza ukijua inasema nini. Sauti laini isingeweza kuyabeba maneno yale, kwa maana ni maneno ya wazee wa vita, wahamiaji, na watu wanaotembea peke yao usiku katika mvua ya London.

SWALI: Mhariri mpendwa, mimi ni mwalimu, na nimekuwa nikiamini kwamba albamu za vibao bora ni mbinu ya makampuni ya kuuza mara ya pili kitu kilichokwisha kuuzwa. Je, anayetaka kuijua bendi kama The Pogues anunue mkusanyiko au albamu zenyewe? — Mwalimu, Gulu

JIBU: Mwalimu wangu, una haki ya kutilia shaka, na mkusanyiko huu wa mwaka 1991 haukosi dosari. Una nyimbo 14, zilizochukuliwa kutoka albamu tano za kwanza na kutoka santuri ndogo zilizotolewa katikati, nazo hazikupangwa kwa kufuata miaka. Unaanza na wimbo wa 1987, unarudi 1985, unaruka mbele, na wimbo kutoka albamu yao ya kwanza ya mwaka 1984 unaukuta katikati ya safari. Mwanahistoria atakasirika. Mimi naupenda mpango huo, kwa sababu unamfanya msikilizaji mgeni akutane kwanza na hadithi, na historia ya bendi aitafute mwenyewe akipenda.

Faida nyingine ni kwamba mkusanyiko umeokota vitu ambavyo asiyekuwa na santuri zote angevikosa. The Irish Rover, wimbo wa kale ambao waliurekodi mwaka 1987 pamoja na The Dubliners, kundi la wazee lililoanzishwa Dublin mwaka 1962, ulifika nafasi ya nane Uingereza, na kuusikia ni kuwasikia vijana wakipokelewa na wazee waliotangulia. A Rainy Night in Soho, ambao kwangu mimi ndio wimbo mzuri kuliko yote aliyotunga MacGowan, ulitoka mwaka 1986 katika santuri ndogo ya nyimbo nne, na ule wa matanga niliomtajia msomaji wa Jinja ulikuwa humo humo. Vilevile mkusanyiko unaonyesha jinsi bendi ilivyokuwa haibagui chanzo cha wimbo. Dirty Old Town, ambao watu wengi huuhesabu kuwa wa Ayalandi, ulitungwa mwaka 1949 na Ewan MacColl kuhusu mji wa viwanda wa Salford, kaskazini mwa Uingereza, na huyo MacColl ndiye baba mzazi wa Kirsty aliyeimba wimbo wa Krismasi.

Kilichoachwa nje ndicho kinachonisumbua. Katika albamu ya 1988, If I Should Fall from Grace with God, kulikuwa na wimbo uliowatetea wanaume sita waliofungwa mwaka 1975 kwa kosa la kulipua mabomu katika mji wa Birmingham, ambao wao walilikana daima. Wimbo huo ulipigwa marufuku kutangazwa Uingereza. Wanaume hao waliachiwa huru Machi 1991, hukumu yao ikiwa imebatilishwa, ule ule mwaka ulipotolewa mkusanyiko, na bado wimbo wao haumo. Bila huo, msikilizaji anaweza kumaliza sidii nzima asijue kwamba kuwa Mwayalandi katika London ya miaka ya 1970 na 1980 kulikuwa ni kutazamwa kwa shaka, na kwamba kuimba kwa lafudhi ile, kwa sauti kubwa, katika baa za jiji lile, kulihitaji ujasiri. Hasira ya panki iliyomo katika nyimbo hizi ilikuwa na sababu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: anza na mkusanyiko, kisha utafute albamu mbili nzima, Rum Sodomy & the Lash ya mwaka 1985, iliyosimamiwa studioni na Elvis Costello, na hiyo ya 1988 niliyoitaja, iliyosimamiwa na Steve Lillywhite. Ukizipata hizo, mkusanyiko utabaki kuwa kitu cha kuchezea wageni, jambo ambalo si dogo.

SWALI: Mhariri, salaam. Mwanangu wa miaka 19 ananiambia kwamba nyimbo hizi ni sanaa, lakini mimi nasikia pombe kila mahali. Katika nchi ambayo pombe kali ya waragi inaziharibu familia zetu, kwa nini gazeti linausifu muziki wa walevi? — Mama wa watoto wanne, Masaka

JIBU: Mama yangu, nakushukuru kwa swali hili, na sitalikwepa. Pombe imo tele. Wimbo wa 1984, Streams of Whiskey, unasimulia ndoto ya kukutana na mwandishi Brendan Behan, na Behan mwenyewe alifariki mwaka 1964 akiwa na miaka 41, afya yake ikiwa imeharibiwa na unywaji. MacGowan naye alilipa gharama kubwa. Mwaka huo huo wa 1991 wenzake walimwondoa katika bendi wakiwa ziarani Japani, kwa sababu hakuwa tena mtu wa kutegemewa jukwaani, na albamu walizotoa bila yeye hazikufikia zile za awali. Kijana wako anapaswa kuujua ukweli huo pamoja na nyimbo, na singependa ausikie kama hadithi ya ushujaa.

Hata hivyo nakuomba usikilize kile ambacho nyimbo zenyewe zinasema kuhusu pombe. Katika A Pair of Brown Eyes, kijana aliyeachwa na mpenzi wake amekaa baa akinywa, na mzee mmoja aliyekuwa askari anaanza kumweleza aliyoyaona vitani, miili iliyokatwakatwa na wenzake waliokufa. Kijana anamchukia mzee yule kwa kumharibia huzuni yake ndogo, kisha anatoka nje akiyumba. Hakuna mtu anayemaliza wimbo huo akitamani kuwa mmoja wao. Mume wa wimbo wa Krismasi ameipoteza ndoa yake kwa chupa, na mkewe anamwambia hivyo usoni. Hata hapa kwetu, Kafeero aliimba Dipo Nazigala, na watu wazima wote walielewa kwamba kuimba habari za mlevi na kumsifu mlevi ni mambo mawili.

Miaka 19 ni umri wa kuzungumza. Keti na mwanao, mwulize yule mzee wa baa alikuwa ametoka vita gani, na kwa nini hakuna mtu mwingine aliyetaka kumsikiliza. Kuna wazee wa aina hiyo Luweero, Gulu na Soroti, kulikopiganwa vita, nao hukaa kwenye vilabu vya pombe wakisimulia mambo ambayo nyumbani hayaulizwi.

SWALI: Mimi napiga adungu, kinubi chetu cha nyuzi nyingi, na rafiki yangu anapiga endingidi, fidla ya asili. Tumeisikia bendi hii kwa rafiki na tunajiuliza kama tunaweza kufanya jambo kama hilo hapa Kampala. — Kijana wa Kamwokya

JIBU: Mnaweza, na vyombo vyenu vinafaa. Endingidi ina uzi mmoja tu, hivyo ipeni kazi iliyofanywa na filimbi ya bati, yaani kubeba sauti ya juu na kukimbia mbele ya mwimbaji, nayo adungu ichukue nafasi ya banjo na gitaa la besi ikiwa mnazo kubwa na ndogo. Tafuteni mpiga ngoma asiyependa kujipamba. Msiige lafudhi ya London wala ya Tipperary, wala msianze kwa kutunga. Zaidi ya theluthi moja ya albamu ya kwanza ya The Pogues ilikuwa nyimbo za zamani ambazo wasikilizaji wao walikwisha kuzijua, na nyimbo zao wenyewe walizichomeka katikati ya hizo. Chagueni wimbo wa kwenu ambao wazee wanaufahamu mpaka ubeti wa mwisho, mwulizeni mmoja wao maana ya kila neno, upigeni kwa kasi mnayoitaka ninyi, kisha mwalikeni mzee huyo aje kuusikia kabla hamjaurekodi.